Leta Jina, Mbunifu Ajenge Mji

Mhadhara juu ya kumwajiri mbunifu wa michoro kwa bidhaa za kidijitali, uliotolewa mbele ya waandishi, walimu na wajasiriamali wadogo, Dar es Salaam



Nimekuja na kanga. Naomba dada wawili waliokaa mstari wa mbele wanisaidie kuikunjua ili hata wa nyuma waione. Ahsanteni. Nimeombwa nizungumze juu ya kumwajiri mbunifu wa michoro, yule ambaye mitaani tunamwita dizaina, atupe sura ya vitu tunavyouza kwenye simu: vitabu pepe, masomo ya video, programu, na picha zinazotembea pamoja na makala zetu. Nilipokaa kuandaa maneno yangu niliona kwamba somo lote limeshaandikwa kwenye nguo hii.

Tazameni. Ukingo huu unaozunguka pande nne unaitwa pindo. Uwanja wa katikati, palipo na korosho hizi kubwa, unaitwa mji. Na chini ya mji, ndani ya kisanduku, pana maneno, na maneno hayo ndiyo jina. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso na kuziunga sita kuwa nguo moja, ndipo wafanyabiashara wakaona heri ichapwe nguo nzima. Maandishi yaliingia baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazotumia leo. Tangu hapo mwanamke akiingia duka la kanga, mara nyingi husoma jina kabla hajauliza bei. Maua yakiwa mazuri lakini jina halisemi lake, ataiacha.

Hoja yangu leo ni moja. Mbunifu anaweza kukujengea mji na kukuzungushia pindo, lakini jina uje nalo wewe. Kazi nyingi zinazoharibika kati ya mwenye kazi na mbunifu huharibika siku ya kwanza kabisa, pale mwenye kazi anapofika na fedha mkononi, hana jina.

Kitabu cha shangazi

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikusanya mapishi ya marehemu shangazi yangu: wali wa nazi, mchuzi wa papa, mkate wa kumimina, visheti. Nikataka yawe kitabu pepe cha kuuzwa kwa simu. Nikamtafuta kijana mmoja aliyesifiwa sana. Akaniuliza, "Mzee, unataka kitu cha namna gani?" Nikamjibu kwa kujiamini, "Wewe ndiye fundi, kijana wangu. Nitengenezee kitu kizuri tu."

Akatengeneza, na kilikuwa kizuri kweli. Kwenye jalada alisimama mpishi wa hoteli, kofia nyeupe ndefu, sufuria zinang'aa nyuma yake. Kichwa cha kitabu kiliandikwa kwa herufi nyembamba za dhahabu juu ya rangi ya maziwa. Nikasema kofia iondoke. Ikaondoka. Nikasema rangi ichangamke. Akaweka nyekundu. Mke wangu akasema ile nyekundu ni ya tangazo la soda. Akaweka kijani. Tukaenda hivyo mpaka toleo la kumi na nne. Kila toleo lilinionyesha nisichokitaka, wala hakuna hata moja lililonifundisha ninachokitaka. Mwishoni tulichoka wote wawili, nikalipa, tukaachana kwa salamu za baridi.

Kitabu kikatoka. Wiki ya kwanza mama mmoja akanipigia. "Mwalimu, hongera, kitabu kizuri. Lakini nimeunguza vitunguu nikivuta kioo nione vikombe vya tui ni vingapi."

Hesabu yake ni nyepesi. Kurasa zilipangwa kwa karatasi ya A4, yenye upana wa milimita 210. Simu ya huyo mama ina kioo cha upana wa milimita 70 hivi. Ukurasa ukibanwa uingie humo, kila kitu kinabaki theluthi moja: herufi ya pointi 12 inakuwa ya pointi 4, ndogo kuliko maandishi ya kwenye karatasi za ndani ya boksi la dawa.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule kijana. Siku hizi simlaumu. Nilimwambia nataka kizuri, naye akaniletea kizuri. Sikumwambia nani atakisoma, wala wapi.

Nilipotaka kukirekebisha nilimpata mbunifu mwingine, dada mwenye maneno machache. Kabla hajataja bei alianza kuuliza. Swali lake la tatu lilinifanya nitue kikombe cha chai. "Mwalimu, mtu anayesoma kitabu hiki, mkono wake wa pili umeshika nini?"

Nikafikiri kidogo. "Mwiko," nikasema.

Akaandika kwenye daftari lake. "Basi tumeshapata pa kuanzia."

Kutokana na neno hilo moja kazi yote ilijipanga. Kama mkono mmoja una mwiko, basi mahitaji ya pishi yaonekane yote kwa pamoja bila kuvuta kioo. Herufi zisomeke simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Vitufe viwe vikubwa, maana kidole kina unga. Kurasa za A4 zikaachwa, ukachukuliwa muundo wa kitabu pepe ambao maandishi hujipanga upya kufuata upana wa kioo. Mpishi wa hoteli hakurudi tena. Tulibishana juu ya rangi mara moja tu, na ubishi ulikwisha kwa kuuliza: mwenye mwiko ataiona?

Jina: ukurasa mmoja kabla ya simu ya kwanza

Kwa hiyo, kabla hujampigia mbunifu, andika ukurasa mmoja. Juu kabisa weka sentensi moja, fupi kama jina la kanga, inayosema kitu hiki kinamfanyia nani nini. Tuchukue mfano wa programu ya kikundi cha kuweka na kukopa. Ukiandika "programu ya kisasa ya fedha", hujasema lolote. Mbunifu atakuletea picha ya sarafu zinazopaa. Ukiandika "mwanachama aone deni lake kabla ya kitu kingine chochote", umempa kazi. Anajua namba ipi iwe kubwa, ipi iwe ndogo, na ipi isubiri ukurasa wa pili.

Chini ya sentensi hiyo eleza mambo machache kwa lugha ya kawaida. Atakayetumia ni nani, na simu yake ni ya aina gani? Ataikuta kazi yako wapi kwanza: kwenye kundi la WhatsApp, dukani kwenye bango, au kwa kutafuta mwenyewe mtandaoni? Baada ya kuiona unataka afanye nini? Ni vitu gani lazima viwepo, na vipi ni mwiko kuwekwa? Kazi itakamilika lini, na una kiasi gani cha fedha? Watu wengi huficha kiasi cha fedha wakidhani watapunjwa. Matokeo yake mbunifu huwaza ghorofa wakati wewe una matofali ya banda.

Na maandishi yawe tayari. Hili nalisisitiza kwa sababu sisi waandishi ndio wakosaji wakubwa. Tunampa mbunifu kazi, halafu maneno yenyewe tunayaleta vipande vipande usiku wa manane. Yeye naye, ili asikae bure, anajaza nafasi kwa maneno ya Kilatini yasiyo na maana, kama ilivyo desturi ya fani yao. Kila kitu kinapendeza mpaka Kiswahili kinapoingia. Kitufe ambacho kwa Kiingereza kina neno la herufi nne, kwetu ni "Hifadhi", herufi saba, na kingine ni "Thibitisha malipo". Vitenzi vyetu hubeba nafsi, wakati, mtendwa na mzizi wenyewe ndani ya neno moja, na neno hilo halikatiki popote unapotaka. Kisanduku kilichopimwa kwa lugha nyingine litakipasua. Mbunifu apewe Kiswahili halisi tangu mwanzo, na apewe sentensi ndefu kuliko zote, si ile fupi.

Mji: unalipia maamuzi

Ukishamletea jina, mwache ajenge. Hapa ndipo wengi tunapokosea kwa upande wa pili: tunamwajiri mtu wa kufikiri, kisha tunamtumia kama penseli. "Sogeza kushoto. Ongeza kidogo. Weka kivuli." Ukitaka kusaidia, taja tatizo, umwachie dawa. Sema "bei haionekani haraka", usiseme "bei iwe nyekundu".

Mbunifu hodari hufanya maamuzi mengi ambayo wewe hutayaona. Rangi za herufi na za nyuma yake, kwa mfano, zina kipimo. Kanuni za kimataifa zinazojulikana kwa kifupi kama WCAG zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Dhahabu yangu juu ya maziwa isingefika hapo hata kwa kubebwa. Anayeshika simu juani, kituo cha daladala, ndiye anayejua thamani ya kipimo hicho.

Jambo jingine ni uzito wa picha. Picha kubwa isiyobanwa vizuri inakula bando la msomaji, na akiona ukurasa unachelewa huondoka. Pia kuna ukubwa wa kuonekana: jalada la kitabu pepe mara nyingi hukutana na mnunuzi likiwa dogo kama stempu ndani ya orodha. Mwambie mbunifu wako akuonyeshe jalada katika udogo huo kwanza. Kama kichwa hakisomeki hapo, uzuri wake katika kioo cha kompyuta haukusaidii.

Kuna pia swali la picha za kununua kwenye maghala ya mtandaoni. Si dhambi kuzitumia. Lakini tazameni ni mara ngapi kitabu cha biashara cha Kiswahili kinapambwa kwa watu wenye suti wakipeana mikono katika jengo la vioo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuingia. Msomaji huhisi, hata kama hasemi, kwamba kitu hiki hakikutengenezwa kwa ajili yake. Picha moja ya genge la mtaani iliyopigwa vizuri, kwa ruhusa ya mwenye genge, ina nguvu zaidi.

Bei

Najua mlikuwa mnasubiri hapa. Nitawapa mifano miwili ya Marekani. Mwaka 1971 mwanafunzi wa ubunifu huko Portland, Carolyn Davidson, alichora alama ya kampuni changa ya viatu, Nike. Alilipwa dola 35. Mwaka 1986 Steve Jobs, akianzisha kampuni ya kompyuta iitwayo NeXT, alimwendea mbunifu mkongwe Paul Rand. Malipo yalikuwa dola 100,000. Jobs alisimulia baadaye kwamba aliomba machaguo kadhaa, Rand akakataa: atatatua tatizo mara moja, na malipo atalipwa, kazi itumike isitumike. Alileta nembo moja, pamoja na kijitabu kilichoeleza hatua kwa hatua jinsi alivyoifikia.

Leo alama ya dola 35 inajulikana duniani kote, na ile ya dola 100,000 wengi wenu hamjawahi kuiona. Kwa hiyo bei haitabiri umaarufu. Lakini msikimbilie kufurahi. Davidson alilipwa kwa saa, akiwa mwanafunzi, na kampuni ilikuwa bado changa. Ilipokua, mwaka 1983, ilimpa pete na hisa. Walijua kwamba deni lipo. Na Rand hakuuza mchoro tu, aliuza na sababu zake. Mnaponunua, ulizeni sababu. Mbunifu akikuonyesha kazi zake za nyuma, usiulize tu "hii ulitengeneza wewe?" Uliza "kwa nini uliiweka hivi?" Asiyeweza kueleza huenda alibahatisha, au aliiga.

Msiwaombe wabunifu watano wawafanyie sampuli za bure ili mchague. Mtu aliye na kazi hatakuja, na atakayekuja atafanya haraka haraka. Heri umpe mmoja kazi ndogo ya kulipwa, kwa mfano picha moja ya makala, muonjane. Kisha gawanyeni malipo: ya awali, ya katikati akionyesha rasimu, na ya mwisho wakati wa kukabidhi. Kubalianeni idadi ya marekebisho. Mawili au matatu yanatosha kama jina lipo. Kama halipo, hata kumi na nne hayatoshi, mimi ni shahidi.

Na si kila kitu kinahitaji mbunifu. Tangazo la mkutano wa kesho, tengeneza mwenyewe kwa violezo vya bure. Programu za akili bandia nazo zinatoa picha kwa sekunde chache. Zinafaa kwa kuonja mawazo. Lakini mara nyingi zinakupa mji usio na jina, kama nilivyopewa kwenye toleo la kwanza la kitabu changu, na ni nadra zikuulize mkono wa pili umeshika nini. Kitu utakachokiuza kwa miaka, kitu kitakachobeba jina lako, hicho mtafutie mtu.

Pindo

Pindo la kanga kazi yake ni kukusanya. Macho yakitoka nje ya mji yanakutana nalo popote yaendapo, yanajua bado yako kwenye nguo ileile. Kwa bidhaa za kidijitali pindo ni yale yanayojirudia: rangi mbili tatu, fonti moja au mbili, namna ya kupanga picha, mahali pa nembo. Muombe mbunifu akuandikie hayo kwenye ukurasa mmoja wa mwongozo, ili picha utakayotengeneza mwenyewe mwakani bado ifanane na familia yake.

Na ukishakuwa na pindo, usilibadilishe kwa sababu umelichoka wewe. Mwenye duka huona nembo yake kila siku. Mteja huiona mara moja kwa wiki. Mwaka 2009 kampuni ya juisi ya Tropicana huko Marekani ilibadilisha boksi lake. Likaondolewa chungwa lililochomwa mrija ambalo watu walilizoea, likawekwa glasi ya juisi. Ndani ya miezi isiyotimia miwili mauzo yalishuka kwa takribani asilimia 20, na boksi la zamani likarudishwa. Juisi ilikuwa ileile. Wateja walifika kwenye rafu wakalikosa pindo lao.

Mali ya nani

Sasa itazameni tena kanga. Huko Mombasa kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza 1887, ambalo kanga zake zimejulikana kwa maandishi madogo: "Mali ya Abdulla". Kaderdina mwenyewe alijulikana kwa jina la Abdulla. Huyu mzee aliijua biashara yake. Aliandika kwenye nguo yenyewe ni ya nani.

Wengi wetu tukilipa mchoro tunadhani tumeununua wote. Sheria hazisemi hivyo kwa sauti moja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inachukulia kwamba haki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Uingereza, kwa sheria yao ya 1988, haki ya kazi ya kuagizwa hubaki kwa aliyeiumba mpaka atie sahihi ya kuihamisha. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na Zanzibar wana ya kwao ya 2003. Mbunifu wako anaweza kuwa Nairobi, wewe Mwanza, na mnunuzi London. Dawa ni karatasi: andikeni ni haki zipi zinahamia kwako, lini, na kwa matumizi gani, kisha mtie sahihi wote.

Katika karatasi hiyo yasisahaulike mambo manne. La kwanza ni faili za asili, zile zinazoweza kufunguliwa na kurekebishwa. Mimi nilipewa picha tu. Nilipotaka kuchapa bango la maonyesho, jalada likavurugika kuwa miraba midogo midogo. Nembo hasa iwe katika muundo unaokuzwa bila kupoteza ukali, kwa mfano SVG. La pili ni leseni za fonti na picha: zimelipiwa, na zinaruhusu biashara? La tatu, je, mwingine anaweza kuibadilisha kazi baadaye? La nne ni haki ya mbunifu kuonyesha kazi hii kama sampuli yake. Mpeni hilo bila kinyongo, maana ndilo linalomletea riziki ya kesho. Na kama ni nembo ya biashara, kaisajilini kwa wakala wa usajili wa biashara, yaani BRELA, au BPRA kwa walio Zanzibar. Risiti ya mbunifu si usajili.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vikiwa bado vimeungana. Anayenunua ndiye anayekata na kupinda kabla ya kuvaa. Nawaombeni kitu kimoja kabla ya chai. Geuzeni kadi zenu za mwaliko. Nyuma yake peupe andikeni jina la ile kazi mnayotaka kumpelekea mbunifu: sentensi moja, inayosema inamfanyia nani nini. Aliyeandika anaweza kupiga simu kesho asubuhi. Ambaye kadi yake bado ni nyeupe, aahirishe simu, aende kwanza akakae na wale atakaowauzia, atazame mkono wao wa pili umeshika nini.

 Dada zangu, mnaweza kuikunja kanga.